Salikonia: mboga inayokuja na chumvi yake ndani

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nimeletewa zawadi ya fungu la salikonia mbichi pamoja na chupa ndogo ya unga wake uliokaushwa. Aliyenipa anasema ni mboga yenye lishe kuliko spinachi, na kwamba baba yangu, ambaye ana shinikizo la damu na ameambiwa apunguze chumvi, anaweza kuutumia unga huo bila wasiwasi kwa kuwa ni chumvi ya mmea. Je, ni kweli? Na hiyo mbichi naipikaje? Jana niliiosha mara tatu, nikaipika kwa maji kidogo kama mboga nyingine za majani, ikawa na chumvi kali hata hatukuweza kuila."

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla baba hajaanza kuunyunyiza unga huo kwenye kila sahani. Nitakupa kwanza jibu fupi, kisha nitalieleza kwa kirefu. Salikonia ni mboga nzuri, ina lishe, na ikipikwa inavyotakiwa ni tamu kweli. Baba anaweza kula kiasi kidogo katika mlo ambao haukutiwa chumvi nyingine yoyote. Unga wake ni jambo jingine. Unga huo ni chumvi iliyochanganyika na mmea mkavu, na kila kijiko chake kihesabiwe kama chumvi, hata kama haikuchimbwa mgodini wala haikukaushwa kutoka maji ya bahari. Tena, kilichoiharibu sufuria yako ya jana na kinachonitia wasiwasi juu ya baba ni kitu kimoja: chumvi ya salikonia haikai juu ya ngozi ya mmea kama vumbi lililopeperushwa na mawimbi, bali imo ndani ya nyama yake.

Chukua kijiti kimoja kati ya vile vilivyobaki ukitazame kwa karibu. Utaona kwamba hakina majani ya kawaida. Kimegawanyika pingili pingili mfano wa muwa mdogo sana, kila pingili ni nene, nyororo na imejaa maji, na pale pingili mbili zinapokutana pana ukingo mwembamba unaolizunguka shina kama kola ya shati. Huo ukingo ndio majani yenyewe, yaliyopungua kwa vizazi vingi hata yakabaki vigamba vilivyogandamana na shina. Sasa kioshe kijiti hicho vizuri, kifute kwa kitambaa, kisha ukivunje. Kitakatika kwa mlio, na pale kilipokatika patatokeza unyevu. Uonje kwa ncha ya ulimi. Ni wa chumvi, ingawa kijiti kimeoshwa na kufutwa.

Sababu yake ni mahali mmea huu unapoishi. Salikonia, ambayo jina lake la kitaalamu ni Salicornia, huota kwenye vinamasi vya chumvi, yaani nyanda za matope ambazo bahari huzifunika maji yanapojaa na kuziacha yanapokupwa, na pia kando ya maziwa ya maji chumvi yaliyo mbali na pwani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na udongo wenye maji kama hayo huinyima maji karibu mimea yote tunayolima, kwa sababu maji huvutwa kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Salikonia imeugeuza ubaya huo kuwa faida. Huifyonza chumvi, huipeleka kwenye mashina, na kuifungia ndani ya vakuoli, ambayo ni kifuko kikubwa cha maji kilicho katikati ya kila seli, ili utomvu wake uwe na chumvi kuliko udongo na maji yaendelee kuingia. Sehemu nyingine za seli, ambazo haziwezi kuvumilia chumvi hiyo, hulindwa na viambato vingine, mojawapo ikiwa ni betaini. Ipo mimea mingine ya mahali pa namna hii, kama mkoko uitwao mchu, ambayo ina tezi za kutolea chumvi kwenye majani, hata ukiyatazama wakati wa jua kali unaona chembe nyeupe unazoweza kuzipangusa kwa kidole. Salikonia haina tezi hizo. Inachokifyonza hukaa nacho.

Ndiyo maana kuosha mara tatu hakukukusaidia, na hata ungeosha mara kumi isingesaidia. Kuosha ni lazima, kwa kuwa kunaondoa tope, mchanga, konokono wadogo na chumvi iliyokauka juu ya ngozi, lakini chumvi iliyo ndani ya vakuoli haitoki mpaka kuta za seli zilegee, na kinachozilegeza ni moto. Katika maji yanayochemka utando wa seli hufa, chumvi ikapata njia, ikatoka kuingia kwenye maji ya sufuria. Wewe ulipika kwa maji kidogo, na bila shaka uliyaacha yakauke, kama tunavyofanya tunapotaka mboga isipoteze kitu. Kwa mboga nyingine hiyo ni busara. Kwa hii, chumvi ilitoka ndani ya vijiti, ikakosa pa kwenda, ikabaki imevizunguka na kukolea zaidi. Na kama ulitia hata kibana kimoja cha chumvi kwa mazoea, sufuria haikuwa na nafasi ya kupona. Usijilaumu, nimewaona wapishi wa miaka mingi wakikosea hapo hapo, kwa sababu mkono umezoea kwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi.

Sasa tuje kwenye lishe. Kipimo kimoja kilichochapishwa mwaka 2010, cha aina iitwayo Salicornia bigelovii, kilionyesha kwamba katika gramu 100 za vijiti vibichi maji yalikuwa takriban gramu 88, protini gramu 1.5 hivi, mafuta chini ya nusu gramu, na majivu, yaani madini yote kwa pamoja, zaidi ya gramu 4. Katika madini hayo, sodiamu peke yake, ile sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu, ilikaribia gramu 1. Kalori ni chache sana, hazifiki 30. Vipimo vya aina nyingine na mahali pengine hupanda na kushuka, kwa sababu mmea uliokunywa maji ya mvua haufanani na uliooga maji ya bahari kila siku, na kijiti cha mwanzo wa msimu hakifanani na cha mwisho wake. Lakini sura ya jumla ni hiyo hiyo: maji mengi, madini mengi, na nishati kidogo.

Aliyekuambia kwamba inaizidi spinachi alisema nusu ya kweli. Mimea hii miwili ni ndugu, kwani salikonia imo katika familia moja na spinachi, kiazisukari na kinoa, na kama ndugu zake ina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ina vitamini C, ina magnesiamu na kalsiamu, na asidi ya mafuta ya omega-3 ya mimea, ingawa kwa kuwa mafuta yenyewe ni kidogo mno, omega-3 hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa chanzo kikubwa. Kwa protini, spinachi huizidi: ina karibu gramu 2.9 katika gramu 100. Tofauti kubwa zaidi, ambayo wauzaji hawapendi kuitaja, ni uwiano wa potasiamu na sodiamu. Spinachi mbichi ina potasiamu karibu miligramu 560 na sodiamu isiyofika 80, na huo ndio mpangilio wa mboga nyingi, mpangilio unaomfaa mtu mwenye shinikizo la damu. Kwa salikonia mpangilio umepinduka, sodiamu ikiizidi potasiamu mara kadhaa. Kwa hiyo mtu akikusifia madini ya salikonia, muulize ni madini gani, maana sehemu kubwa ya majivu yale ni chumvi ya kawaida tunayoijua.

Tufanye hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Sodiamu ukiizidisha kwa 2.5 unapata chumvi. Basi gramu 100 za salikonia mbichi, ambazo ni konzi mbili hivi, zinabeba chumvi ya takriban gramu 2.5, nusu ya posho ya siku nzima, kabla mtu hajala mkate, samaki wa kopo, jibini wala mchuzi. Konzi moja ndogo ya gramu 30 au 40, iliyochemshwa na maji yake kumwagwa, ni habari tofauti kabisa. Kipimo hicho ndicho ninachokipenda kwa mtu yeyote, mgonjwa au mzima, kwa sababu hata kwa ladha salikonia haikuumbwa kuwa mlima wa mboga katikati ya sahani. Ni kiungo kinachokolea chakula kingine.

Hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwenye chupa ya unga. Ukikausha gramu 100 za vijiti, maji yakatoka yote, unabakiwa na gramu 11 au 12 za unga, na ile sodiamu yote iko pale pale, kwa kuwa sodiamu haivukizwi. Hivyo unga huwa na sodiamu ya asilimia 8 au 9 ya uzito wake, wakati chumvi ya meza ina karibu asilimia 39. Mwuzaji akisema unga wake una sodiamu chini ya robo ya chumvi, kwa gramu moja dhidi ya gramu moja, hajadanganya. Lakini ulimi haupimi kwa gramu za unga. Ladha ya chumvi inatokana na hiyo hiyo sodiamu, na mtu anayetaka mchuzi wake ukolee kama alivyozoea atatia unga mara nne au tano ya kiasi cha chumvi, na atakuwa amemeza sodiamu ile ile aliyoambiwa aipunguze. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa haraka kwa sababu mtu anakijaza akiwa na amani moyoni. Zaidi ya hayo, ziko bidhaa zinazoitwa chumvi ya salikonia ambazo si mmea uliosagwa. Utomvu wake umekamuliwa, ukachujwa, ukachemshwa mpaka ukaacha chembe, na hizo zinakaribia chumvi yenyewe. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, utafute sodiamu katika gramu 100. Kama haikuandikwa, ichukulie kuwa ni chumvi kamili.

Najua pia kwamba utasikia habari za utafiti. Korea Kusini, ambako salikonia huitwa hamcho na unga wake unauzwa kwa wingi, yamefanyika majaribio ya panya ambamo salikonia haikupandisha shinikizo la damu kama ilivyofanya chumvi ya kawaida, na watafiti wakahisi kwamba viambato vingine vya mmea vinailinda mishipa. Matokeo hayo yanavutia, nami nayafuatilia kwa hamu. Lakini panya wa maabara hupewa kiasi kilichopimwa, kwa muda uliopangwa, na chakula kimoja kila siku. Baba yako ana dawa zake, figo zake na umri wake. Siwezi kumwacha alegeze amri ya daktari kwa sababu ya panya.

Usiichanganye, tafadhali, na zile chumvi mbadala zinazotengenezwa kwa kuondoa sehemu ya sodiamu na kuweka kloridi ya potasiamu mahali pake. Hizo kweli zina sodiamu pungufu kwa ladha ile ile, na daktari anaweza kumshauri mgonjwa azitumie, isipokuwa zina hatari yake kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo zinazozuia potasiamu isitoke mwilini. Unga wa salikonia hauko katika kundi hilo. Na kuna jambo moja dogo linalosahauliwa: katika nchi nyingi chumvi ya meza hutiwa iodini, ile inayoitwa madini joto, ili kuzuia uvimbe wa tezi ya shingo na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nyumba inayoacha kabisa chumvi hiyo na kutumia unga wa mmea inapoteza kinga hiyo bila kujua, kwa sababu salikonia si mwani, na si chanzo cha kutegemewa cha iodini.

Sasa jikoni. Chambua kwanza. Vijiti vizuri ni vya kijani kibichi, vigumu kidogo, vinavyokatika kwa mlio. Vilivyolegea au vinavyoteleza mkononi vitupe. Sehemu ya chini, karibu na mzizi, mara nyingi imegeuka kuwa kama mti. Ikate, ubaki na ncha laini. Loweka katika bakuli kubwa la maji baridi, vuruga kwa mkono, uache mchanga uzame, kisha viinue vijiti kutoka juu badala ya kumwaga maji pamoja navyo, maana ukimwaga mchanga utavirudia. Rudia mpaka chini ya bakuli pawe safi. Fanya hivi unapokaribia kupika tu, kwa kuwa salikonia iliyolowa maji ya kawaida haikai. Isiyooshwa, ikifungwa kwenye karatasi yenye unyevu kidogo na kuwekwa kwenye jokofu, hustahimili siku kadhaa.

Teleka sufuria kubwa yenye maji mengi, lita 2 kwa gramu 200 za vijiti, bila chumvi. Nasisitiza bila chumvi kwa sababu vitabu vya upishi hutufundisha kutia chumvi kwenye maji ya kuchemshia mboga, na hapa kanuni hiyo haifai. Maji yakichemka kwa nguvu, tumbukiza vijiti vyote mara moja. Ndani ya nusu dakika utaona rangi ikibadilika: ule ukijani uliofifia unang'aa ghafla, kwa sababu hewa iliyokuwa kati ya seli imetoka na nuru inapenya. Onja kimoja baada ya dakika moja, kingine baada ya dakika mbili. Unataka kiwe kimelainika lakini bado kinakupinga kidogo jino linapokikata. Ukikiacha zaidi kitalegea na kuwa na rangi ya hudhurungi. Chuja, mwaga maji yote, na usiyatumie kwa supu. Kama ladha bado ni kali, vilaze vijiti katika maji baridi safi kwa dakika 10 hadi 30, ukionja katikati. Chumvi itaendelea kutoka kwa kuwa kuta za seli zimekwisha kulegea.

Kila hatua kati ya hizi ina gharama. Maji yanayobeba sodiamu yanabeba pia vitamini C na potasiamu, na kadiri unavyoloweka ndivyo unavyopoteza. Kwa mtu mwenye afya ningechemsha dakika moja na kuishia hapo. Kwa baba yako ningekubali hasara hiyo bila kusita, kwa sababu vitamini C ataipata kwenye chungwa moja, ilhali sodiamu iliyoingia mwilini kwa sehemu kubwa haina njia ya kutoka isipokuwa kupitia figo zake. Faida nyingine ya kuchemsha na kumwaga ni kupunguza oksaleti, ambazo mimea ya familia hii inazo na ambazo humsumbua mtu mwenye mawe ya figo.

Ukishachuja, kausha vijiti kwa kitambaa safi. Pasha mafuta ya zeituni au siagi isiyo na chumvi kwenye kikaango, weka kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba, na kikianza kunukia tia salikonia, uigeuze kwa dakika moja tu. Epua, kisha ndipo ukamulie limau. Ukikamua mapema asidi itaua ule ukijani uliouhangaikia. Mafuta hapa si anasa, kwani beta-karotini huyeyuka katika mafuta, na mwili hauinyonyi vizuri mboga ikiliwa kavu.

Kuhusu cha kuliwa nayo, fikiri hivi: salikonia ndiyo chumvi ya mlo huo. Samaki aliyechomwa bila chumvi, akatandikwa juu ya konzi ya salikonia, hukolea kutoka chini, kila tonge likiwa na sehemu ya pwani ndani yake. Viazi vilivyopondwa kwa maziwa bila chumvi, vikachanganywa na vijiti vilivyokatwa vidogo, ni chakula ambacho ningempikia baba yako leo hii. Mayai, maharage meupe, tambi na wali mweupe navyo huipokea vizuri, ilimradi vyenyewe havikukolezwa. Usiiweke pamoja na jibini kali, zeituni za kopo, samaki wa chumvi au nyama iliyokaushwa. Hapo utakuwa umekusanya chumvi za nyumba nzima katika sahani moja. Mbichi pia huliwa, ncha changa chache zikiwa zimetawanywa juu ya kachumbari isiyo na chumvi, lakini mbichi inabeba sodiamu yake yote, kwa hiyo iwe ya kupambia tu.

Vijiti vilivyokomaa vina kamba ngumu katikati, na wengi huvitupa kwa kutojua namna ya kuvila. Kwa Waingereza waishio kando ya vinamasi vya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ni desturi kuvichemsha vikiwa vizima pamoja na sehemu ya chini, kuvipaka siagi, kisha mtu hushika kijiti kwa vidole upande wa mzizi, hukiweka kati ya meno na kukivuta polepole, nyama ikabaki mdomoni na ile kamba ikatoka imeng'arishwa kama uzi. Ni ulaji wa taratibu, na nadhani taratibu hiyo yenyewe inamzuia mtu asile nyingi. Wengine huifanya achari: vijiti vilivyochemshwa kidogo hupangwa kwenye chupa iliyochemshwa, vikafunikwa kwa siki ya moto yenye asidi isiyopungua asilimia 5, pamoja na pilipili manga na jani la kiungo liitwalo bay, na kuhifadhiwa kwenye jokofu. Usitie chumvi, na usipunguze ukali wa siki kwa maji, kwa kuwa asidi ndiyo inayozuia vijidudu hatari.

Lazima niseme neno juu ya majina, kwa sababu maelekezo ya upishi huchanganya mimea miwili. Kiingereza huyaita mafungu mawili tofauti kwa jina moja, samphire, neno lililotoka kwa Wafaransa na mtakatifu wao Pierre. La kwanza ni salikonia yetu. La pili ni Crithmum maritimum, mmea wa miamba wa familia ya karoti, wenye majani membamba na harufu kali ya mafuta yake, ambao hupikwa kwa namna nyingine na hauna pingili. Ukisoma kwamba samphire inanukia kama karoti au bizari, jua wanazungumzia huo wa miamba. Salikonia ina jina lake jingine la Kiingereza linalotokana na kioo, glasswort, kwa sababu zamani mmea huu ulichomwa, na majivu yake yenye kaboneti ya sodiamu yakatumika kutengeneza kioo na sabuni, mpaka njia ya kiwandani iliyobuniwa na Mfaransa Nicolas Leblanc, na kupewa hataza mwaka 1791, ilipoifuta kazi hiyo. Majivu yaliyoweza kulisha tanuri za kioo yanakuonyesha jinsi sodiamu ilivyo nyingi katika mmea huu.

La ajabu ni kwamba mbegu zake hazina tabia hiyo. Salicornia bigelovii hulimwa kwa majaribio kwa kumwagiliwa maji ya bahari, na utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba mbegu zake zina mafuta ya asilimia 26 hadi 33 na protini ya asilimia 30 hivi, huku chumvi ikiwa kidogo sana, kana kwamba mmea unajua kwamba mtoto asilishwe anachokula mzazi. Hayo mafuta yana asidi ya linoleiki kwa sehemu kubwa, kama yale ya alizeti. Ni habari njema kwa maeneo yasiyo na maji baridi, ila si ile iliyomo kwenye chupa yako.

Chanzo cha fungu lako pia kina uzito. Kinamasi ni chujio la nchi kavu. Kila kinachotiririka kutoka mjini, kiwandani na shambani hupita humo, na salikonia inaweza kubeba madini mazito kutoka kwenye tope lake, pamoja na vijidudu vya maji taka juu ya ngozi yake. Muulize aliyekuletea imetoka wapi. Ikiwa imelimwa kwenye vitalu, kama inavyofanyika Uholanzi, Israeli na Ureno, nina wasiwasi mdogo. Ikiwa imechumwa karibu na mdomo wa mfereji wa majitaka au bandari, itupe, kwani kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi risasi wala kadimiamu kwa kiasi cha kutegemewa. Anayechuma mwenyewe akate ncha kwa mkasi na kuuacha mzizi, ili mmea uchipue tena na kutoa mbegu za mwaka ujao, kwani aina nyingi ni za msimu mmoja. Uingereza, sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi. Huko kaskazini mwa Ulaya msimu wake mzuri ni Juni hadi Agosti. Baadaye hugeuka mwekundu na kukauka.

Wapo ambao singewapa kabisa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionje, kwa sababu figo zake hazijaweza kuibeba chumvi hiyo. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye miguu inayovimba kwa maji, hao wamwulize daktari wao kwanza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akumbuke kwamba hii ni mboga ya kijani yenye vitamini K, na kinachomfaa ni kutobadilisha ghafla kiasi cha mboga za aina hiyo.

Basi, kwa baba: konzi moja ndogo, iliyochemshwa dakika mbili na kulowekwa, mara moja kwa wiki, juu ya viazi au samaki asiyetiwa chumvi, na siku hiyo kopo la chumvi lisiletwe mezani. Mpime shinikizo kama mnavyompima siku zote, na ukienda naye kliniki ichukue ile chupa ya unga umwonyeshe daktari, pamoja na karatasi yake. Mpaka hapo iweke kwenye kabati la juu, uitumie wewe na wengine mlio wazima, kibana kimoja juu ya yai la kuchemsha, mahali pa chumvi na si juu ya chumvi. Vijiti vilivyobaki vipike leo au kesho.